Matope ya Ugenini

Sijavuka Namanga hata siku moja,
ila nimeshika udongo wa ng'ambo kwa mikono hii,
hapa Kangemi, nyuma ya kinyozi:
kibanda cha mabati, ndoo mbili, brashi ya meno
na redio inayokamata stesheni mbili kwa pamoja.

Syombua hutua usiku; alfajiri yuko mlangoni
na lile sanduku refu
ambalo askari wa uwanja wa ndege
humuuliza kila safari, "Pole dada, ni nani?"
Hucheka. Hufungua. Fremu, magurudumu,
shokomzoba zimeviringwa leso ya mamake.
Namwambia: usioshe. Acha kwanza nisome.

Machi, Afrika Kusini:
vumbi jekundu, kavu, limekaa kwenye gia kama bizari.
Kijiwe kimejikunyata ndani ya breki.
"Walinitoa mzunguko wa pili," akasema,
na ndipo nilipoijua ile sheria:
anayeongoza akikuacha mbali mno
mtu mwenye kibendera hukuonyesha njia ya pembeni
kwa tabasamu, kama mhudumu wa hoteli,
wala hungojwi umalize ulichokilipia nauli.

Mei, Chekia:
tope jeusi, sindano za msonobari kwenye spoki,
pedali ya kushoto imechubuliwa na mzizi.
Mzunguko wa nne.
"Kuna kengele," akasema. "Hulia mzunguko wa mwisho.
Mimi huisikia nikiwa nimeshavua helmeti."

Kanada hakuna tope.
Viza ilitoka Jumanne, mbio zilikwisha Jumapili.
Asiyekuwepo na lake halipo.
Nikaiosha baiskeli vivyo hivyo, safi juu ya safi,
maana alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda
akitazama maji, na sikuwa na la kumwambia.

Kati ya safari na safari
ni zamu za usiku kwenye kituo cha petroli, Uthiru,
kisha Karura, lango likifunguliwa tu,
harufu ya dizeli bado kwenye nywele.
Jumamosi ni Ngong, penye mapangaboi meupe ya umeme,
upepo ukimsukuma kifuani kama askari wa kanjo.
Nilimpimia muda kwa simu yenye kioo kilichopasuka:
dakika kumi na moja na sekunde
(ufa unapita hapo)
arobaini na kitu.

Agosti, Uswisi.
Akaja hasemi.
Tope la kijivu, laini, uji wa mgonjwa,
limepenya hadi kwenye beringi, hadi chini ya kiti,
mahali ambapo tope halifiki
ila kwa aliyekaa nalo mpaka mwisho.
Nikainua macho.
"Ililia," akasema.
"Kengele. Kwangu mimi. Nilikuwa nyuma ya wote,
yule mzee akaigonga, nikadhani amekosea."

Mama wa viazi karai akavuka barabara:
"Medali iko wapi?"
"Nilikuwa wa mwisho, mama."
"Wa mwisho! Na nauli yote hiyo!"
Syombua akacheka hadi akashika ukuta.
Ungemwelezaje? Wa mwisho ni cheo,
na alikuwa akikitafuta tangu Machi.
Hamsini na wanane walianza, arobaini na mmoja wakamaliza,
na wa arobaini na moja ni huyu hapa, anaomba chai.

Nililikwangua kidogo lile tope la kijivu
nikalitia kwenye mkebe wa Blue Band, juu ya rafu, karibu na tyubu.
Lililobaki nikaliosha. Likafuata mtaro,
likapita kwa kinyozi likakusanya nywele,
likashuka bondeni kuingia mto
usiomuuliza mtu pasipoti.

Mnyororo umekwisha. Meno ya gia yamekwisha.
Nimeandika kwenye daftari la madeni:
Syombua. Atalipa Machi.