Kibao cha Tatu

Vibao vitatu vya Linux mezani, Uvinza.
Cha kwanza kina mbio, na bei ya ng'ombe wawili.
Cha pili rahisi, ila kadi yake hufa umeme ukikatika,
na hapa umeme huondoka bila kuaga.
Cha tatu kobe. Lakini skrubu zake nene,
mlinzi wa usiku atazikaza kwa kisu cha mkate.

"Kobe anatosha," akasema Bitaliho. "Kazi yake
kuzima pampu birika likijaa. Lakini chumvi?"

Chumvi ilishakula bawaba, misumari,
miwani ya mhasibu.

Nikakipaka rangi ya kucha ya Daforoza, mke wangu,
tabaka mbili, nyekundu.

Mwezi wa saba huu, taa ya kijani inapepesa.
Kibao nimeshalipia.
Chupa bado nadaiwa.