Hesabu Mpaka Tano

Kutaisi, Januari, mwaka ule wa giza,
umeme ulikuja kama mdeni:
huchungulia, huondoka bila kuaga.
Tulipasua watu kati ya kuja na kwenda kwake.

Mezani alilala Jumberi, mchomeleaji wa malori,
kidonda cha tumbo kimetoboka, midomo rangi ya majivu.
Mkewe, Nazibrola, alinishika kiwiko mlangoni:
"Ana nguvu huyu, daktari. Atawasumbua."
Nikatabasamu. Sikumwambia
kwamba nguvu hizo ndizo nitakazomvua kwanza.

Tumbo la mchomeleaji ni ubao;
huliwezi kwa kisu lingali limejikaza.
Basi usingizi mshipani, taratibu,
kisha ditilini: misuli ikacheza chini ya ngozi
kama maji yanayokaribia kuchemka,
halafu shwari. Mpira kooni. Arduani, miligramu nne.
Kifua kikaacha kazi yake ya miaka hamsini na miwili,
na kazi hiyo ikawa yangu.

Wasiojua huiita dawa ya usingizi.
Hailazi. Haipozi hata jino.
Hukata neno njiani, kati ya mshipa na msuli:
ubongo unaita, mkono hausikii.
Ukimpa mtu hiyo peke yake
umemzika macho, na kaburi ni mwili wake.

Saa nne na robo usiku, taa ikazimika.
Mashine ya pumzi ikashusha pumzi, ikanyamaza.
Avtandili alibaki na mikono ndani ya tumbo la mwenzake.
Guliko akaing'ata tochi.
Mimi nikachomoa mpira, nikaushika mfuko mweusi:
bana, achia,
bana, achia,
dakika kumi, ishirini, vidole vikafa ganzi,
nikabadili mkono, sikubadili mwendo,
nikajisifu moyoni, nakiri, nikajisifu.

Ndipo tochi ikapita usoni mwake.
Kwenye kona ya jicho, pembeni ya plasta, chozi.
Moja. Mapigo mia na thelathini.
Hakutikisika. Angetikisika kwa nini,
na kila kamba nilikuwa nimeikata mwenyewe?
Mvuke wa kumlaza ulibaki ndani ya mashine.
Nilikumbuka hewa. Nilisahau usingizi.

"Guliko, ketamini. Sasa!"
Nikainama sikioni mwake, mbele ya wote:
"Jumberi, niko hapa. Ninapumua kwa niaba yako. Lala."

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Mshindo ule ninao hadi leo.

Baada ya uzi wa mwisho, atropini, kisha prozerini,
na kungoja. Avtandili alitaka chai;
mimi sikuuvua mpira.
Wapo waliovuka kisu wakazama koridoni,
kwa sababu ya daktari mwenye haraka.
"Inua kichwa. Hesabu nami."
Moja, mbili, tatu, kikaanguka.
Tukangoja. Dirishani theluji, kwenye beseni barafu.
Tena: moja, mbili, tatu, nne,
tano,
na shingo ile nene ikatetemeka lakini ikasimama.

Siku hizi nina kijisanduku. Hugonga kifundo cha mkono mara nne,
na kidole gumba hujibu, au hakijibu.
Wanafunzi wangu hukiamini, nami nakiamini.
Ila huwaona wakicheka kidogo
ninapoinama sikioni mwa mtu aliyelala fofofo.

Aprili alikuja na jiko la chuma, kalichomelea mwenyewe,
akaliweka katikati ya chumba cha madaktari.
Hakuketi.
"Kuna aliyeniambia nilale," alisema. "Nani?"
"Mimi," nikasema. "Na nilikuwa nimechelewa."

Alilitazama jiko kwa muda.
"Mlango wake unabana," akasema.
"Ukikataa kufunguka, upige teke."