Umeniuliza Ninakula Nini

Mwanaharusi, simu yako ilikatika kabla sijajibu.
Huku Buyuni mtandao unapatikana
ukisimama juu ya ndoo, uso umeelekea kwa Kondo,
na mimi mikono ilikuwa imejaa unga.
Umeniuliza ninakula nini,
kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa.

Basi sikiliza. Juzi maji yalikuwa bamvua.
Saa mbili Sikudhani akanigongea dirisha kwa kidole kimoja,
hodi yake ndiyo hiyo, haina neno,
tukashuka mwambani na makopo ya rangi,
viatu vya plastiki vinalia kwichi, kwichi.
Mchokoo wangu ni ule ufito wa pazia la sebuleni.
Usicheke. Pazia lenyewe nimewafunikia kuku.

Nikamwona pweza. Hapana,
niliona pango lake kwanza, makombe yamefagiliwa mlangoni
kama kwa mtu asiyependa wageni.
Nikachokoa. Akashika.
Nikavuta. Akavuta.
Tukabaki hivyo tunagombea ufito
mpaka maji yakanifika magotini,
na Sikudhani, ambaye hata akiungua hapigi kelele,
akapiga kelele: "Mwachie! Huyo yuko kwake!"

Nikamwachia. Na ufito pia.

Tukarudi kwa njia ya mikoko,
tope linanivua kiatu kila hatua ya tatu,
tukaokota tondo mizizini, wazito, wamejifunga ndani.
Na nyuma ya kisima cha shule
mchunga umeota baada ya mvua za vuli,
haukupandwa, hauna mwenyewe.
Unaukumbuka mchunga? Ule wa Bibi Mkongea,
tuliouficha chini ya mkeka tonge kwa tonge
mpaka siafu wakaja kutushtaki.
Sasa uchungu ule ule ninaufuata kwa miguu, ninauinamia.
Nauchemsha, namwaga maji ya kwanza,
ya pili naonja kabla sijamwaga,
kisha tui la nazi nzima, zito,
nimekaa juu ya mbuzi mpaka kifuu kikabadili mlio.

Tondo unachemsha, halafu unavuta kwa pini.
Hapa ndipo nilipotaka kufika.
Miaka ishirini na sita, idara ya mizigo, bandarini,
nilibana karatasi za watu kwa pini,
fomu juu ya fomu, nakala nyuma ya nakala,
sijawahi kuona hata moja ikimshibisha mtu.
Siku ya kustaafu nikatoka na kikopo cha pini kwenye mkoba.
Niliiba? Niliiba.
Sasa pini inaingia mlangoni mwa tondo,
unazungusha taratibu, unafuata nyumba ilivyopinda,
na anatoka mzima, hadi kile kimkia cha kijani.

Kondo alitupitishia ndimu mbili juu ya ua.
Tulikula uani, ugali wa muhogo, sahani moja,
na hakuna aliyesema ni kitamu.
Sikudhani alilamba kidole kile cha hodi, akasema,
"Kesho yatakupwa saa tano."

Sikudanganyi, si kila siku hivyo.
Kuna siku mvua inanifungia ndani,
goti linauma, kuni mbichi,
nakunywa chai kavu na kiporo cha muhogo
na kusikiliza bati. Hata siku hizo
sijawahi kuitamani kaunta.

Kwa hiyo usiniletee kuku wa barafu.
Ukivuka na pantoni Jumamosi, lete kiberiti,
lete viatu visivyo na kisigino,
na pini, kikopo kimebaki na nne.

Ufito usinunue.
Jana maji yalipokupwa tulipita pale:
ameuvuta mpaka ndani, umebaki ncha,
na makombe mlangoni amefagia upya.