Koleo la Siku ya Tatu

Leo ofisi ya mji imefungwa saa sita mchana.
Kwenye mlango wa kioo mtu amebandika karatasi
kwa gundi isiyoshika baridini:
Lucien Thibodeau, karani, miaka thelathini na mmoja.
Basi. Hata mwenyewe asingeongeza neno.
Kalamu yake nyekundu ilipita kumbukumbu za vikao
ikipogoa. "Watu wanalipa kodi," alisema,
"wasilipie na mapambo."

Nilifika Kingsbury Falls mwezi wa Januari
na mabegi mawili na kikohozi.
Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Yeye methali hiyo hakuwahi kuisikia,
wala hakujua Kiswahili ni lugha au chakula,
lakini siku ya tatu, alfajiri, alibisha hodi kwa ngumi,
kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi,
akanikabidhi koleo la theluji.
"Njia ya mlangoni ni yako," alisema.
"Ya barabarani ni yangu."
Akaenda zake.
Nilicheka peke yangu hadi machozi yakaganda.

Ofisini aliniuliza jina mara tatu.
Mwanahawa. Si Hawa. Mwanahawa.
Akaliandika kama mtu avukaye mto wa barafu,
herufi moja, anasikiliza,
herufi nyingine.
Mpaka leo ndivyo lilivyo kwenye kadi yangu ya maktaba,
zima.

Hakuwa malaika.
Aliniandikia faini ya dola kumi na tano siku ya Krismasi
kwa kuegesha upande wa greda.
Aligombea bodi ya shule, akashindwa kwa kura kumi na moja,
na mwaka mzima, kwenye foleni ya dukani,
alitutazama mmoja mmoja
akihesabu.
Kanisani aliimba kwa nguvu zote, nje kabisa ya sauti,
na Rosalma mkewe akimkanyaga mguu,
ubeti kwa ubeti, taratibu, kwa miaka arobaini.

Jana jikoni kwao, tukimenya viazi ambavyo hakuna aliyevitaka,
Odette bintiye alisimulia usiku wa mahafali yake:
kiti cha baba kitupu,
bomba kuu limepasuka Mtaa wa Kinu,
naye karani, ambaye kazi yake ilikuwa makaratasi,
yumo shimoni na vijana wa maji,
tope kiunoni, ameshika taa.
Alitokea saa tano, ukumbi umekwisha kufungwa.
Akamkuta ngazini na joho lake.
"Nisomee," alisema.
Akamsomea hotuba nzima, mpaka shukrani kwa wafadhili,
na baba akapiga makofi kwa glavu zinazodondosha matope.
"Usiku ule sikumsamehe," Odette alisema.
"Asubuhi nilifungua bomba, maji yakaja.
Hapo kidogo."

Cheo ni dhamana, huwa tunasema kwetu,
na wengi wetu huishia hapo, kwenye kusema.
Dhamana yake ilikuwa pete nzito ya funguo:
wa ghala la chumvi, wa lango la makaburi,
wa kabati la masanduku ya kura,
na mmoja mdogo, wa shaba, usiofungua chochote,
ambao aliubeba kwa sababu aliupokea
na hakuna aliyemwambia autupe.

Ardhi ya Februari hapa haichimbiki.
Atalala katika chumba cha mawe kando ya makaburi
mpaka Mei, udongo utakapolegea.
Orodha ya wanaosubiri masika imetundikwa mlangoni,
mistari iliyonyooka, mwandiko wake.
Jina la tano, la chini kabisa,
limeandikwa kwa mkono mwingine,
limepinda kidogo.

Usiku theluji imeanguka tena.
Nimeamka kabla ya greda.
Nimesafisha njia yangu, toka ngazi hadi ukingoni,
nikasimama pale barabara inapoanzia,
pumzi yangu ikipanda mbele yangu.
Kisha nikaendelea kuchota.