Upande Gani wa Barabara

Kaunti yetu ina miji arobaini na saba,
kila mmoja na meya wake, mahakama yake,
tangi lake la maji lenye jina kwa herufi kubwa
kana kwamba lingepotea.
Mingine, ukipiga chafya ukiingia,
unaambiwa "afya" ukiwa umeshatoka.

Mimi hupokea simu. Zamu ya usiku, kiti cha nne,
ghorofa ya chini isiyo na dirisha, nje kidogo ya Sent Luis.
Kwenye skrini yangu kuna nukta za kijani:
kila nukta gari moja, kila gari askari mmoja
na kahawa yake iliyopoa.

Velden, nukta tisa.
Velden ya bustani, na mbwa waliovalishwa makoti.
Corley, nukta moja.
Mwezi jana zilikuwa mbili. Ya pili imehamia Velden,
imepata mshahara wa maana na gari jipya.
Simlaumu aliyemo. Mkono mtupu haulambwi.

Mkuu wetu amebandika jedwali ukutani:
askari wangapi kwa kila watu elfu.
Velden, watatu na nusu.
Corley, nusu.
Nimeifikiria sana hiyo nusu ya Corley.
Ni ile ya juu, yenye macho na kinywa,
au ya chini, yenye miguu?

Saa nane kasorobo usiku, Februari, barafu.
"Kuna mtu anauvunja mlango wangu wa nyuma."
Sauti ya mtu mzima, haitetemeki. Bi. Odessa Tillery,
Barabara ya Harlan.
Nikauliza swali tunalofundishwa siku ya kwanza:
"Uko upande gani wa barabara?"

Maana mpaka unapita katikati ya Harlan,
juu ya mstari wa njano.
Namba shufwa ni Velden. Namba witiri ni Corley.
"Mia tatu na kumi na moja," akasema.

Nukta ya Corley ilikuwa kwenye ajali, barabara kuu,
na mtu bado amebanwa ndani ya gari.
Nukta moja ya Velden ilikuwa imeegeshwa
hatua mia mbili kutoka kitandani kwake.
Niliwaomba. Msimamizi wao akasema
atampigia msimamizi wake.

"Mama," nikasema, na neno hilo lilinitoka kwa Kiswahili,
"toka kwa mlango wa mbele. Vuka.
Simama kwenye mia tatu na kumi.
Ukifika hapo wewe ni mtu wa Velden."

Kimya. Halafu akacheka,
na nyuma ya kicheko nikasikia mbao zikilia.
"Binti, mjukuu wangu Terrell wamemsimamisha huko
mara kumi na moja tangu apate leseni.
Taa. Mkanda. Kioo.
Askari wengi, kazi hakuna, basi kazi ni yeye.
Na mimi nikasimame gizani, na gauni la kulalia,
mbele ya nyumba ya watu?"

Penye miti hapana wajenzi, ndivyo tulivyofunzwa.
Sikufunzwa kuhusu penye wajenzi tisa
wanaozunguka mti mmoja
wakiutafutia kosa.

Basi tukakaa, yeye kwake, mimi kitini.
Akasukuma kabati la vyombo hadi mlangoni, sahani zikavunjika,
akaniambia zipi: za harusi, zile za samawati.
Mwizi, nadhani, alichoshwa na kelele.
Akaondoka na hita ya gereji.

Nukta ya Corley ilifika dakika ya thelathini na nne.
Terrell alikuwa ameitangulia. Alitoka kazini, ghalani,
mwendo wa dakika saba ukikata Velden.
Yeye alitumia ishirini na mbili.

Asubuhi nikajaza fomu.
Ina kisanduku cha muda wa kufika. Nikaandika: 34.
Nikatafuta pa kuandika ile njia ya kuzunguka,
nikageuza karatasi,
nyuma palikuwa peupe.