Kijani Chini ya Kucha

Saa nne usiku, Katuba. Jenereta ya jirani inakohoa,
kiwambo kinaniwakia usoni, na Mama Kabulo
anaosha mawe mtoni kwa mara ya arobaini.
Anainama, anainuka. Namsimamisha.
Vumbi la kiangazi limekaa juu ya kila kitu:
juu ya ungo, juu ya kitenge, juu ya kope zake,
jekundu kama kiganja cha mtu
aliyeegemea ukuta wa tofali mbichi.

Mwepu, mwenye filamu, alisema kwa simu:
“Vumbi lipungue. Lakini mama abaki mama.”
Akakata. Rahisi kusema ukiwa Likasi.

Nikafunga fundo la kwanza: mwanga.
La pili: wekundu. Nikaukamua
kama kitambaa cha kudekia,
ukatoka na rangi nyingine zote.
La tatu nikalituma kutafuta ngozi.
Likaenda, likarudi mikono mitupu.
Ngozi ipi? Mbele yake palikuwa na majivu
yenye pua na mdomo.

Ndivyo mfululizo ulivyo. Wa nyuma hunywa
alichobakiza wa mbele, hana kisima kingine.
Baba alikaa kwenye tanuri miaka kumi na tisa.
Siku moja alitoa mfukoni jiwe la kijani,
akaniwekea mkononi pamoja na kipande cha waya mwekundu,
akasema ni kitu kimoja.
Nilikwangua ule waya kwa msumari hadi jioni
nikitafuta kijani ndani yake.
Mama akanifinya kwa kuharibu msumari.

Basi nikafumua. Nikachora njia mbili
kutoka chanzo kimoja, sambamba,
kama dada wawili wasiosemezana
wanaochota kwenye bomba moja:
huyu abebe vumbi, yule abebe ngozi,
kila mmoja akiiona picha ilivyotoka kwenye kamera
kabla mkono wangu haujaichezea.
Mbele wakutane, wachanganye ndoo.

Wakakutana. Wakagombana kwanza, sitaficha.
Paji la uso likang'aa kama sahani ya bati,
maana kila mmoja alikuja na mwanga wake.
Ikabidi niurudishe mwanga nyuma ya njia panda,
peke yake, kwenye foleni.
Kuna mambo yanayotaka foleni.

Na hapo, kwenye mkono wa kushoto,
chini ya kucha nne, ya tano imevunjika,
kijani.
Kijani cha lile jiwe, kabla ya moto.
Kilikuwapo tangu kamera ilipowashwa,
na mimi wiki nzima nimekuwa nikikiua
katika fundo la pili, kwa nia njema.

Monga aliingia kuchaji simu, mtoto wake wa mwisho,
kofia mkononi, viatu ameviacha mlangoni.
Nilidhani atafurahi. Alisogea hadi pumzi yake
ikatia ukungu kwenye kioo.
“Mikono njo yake,” akasema.
Kisha, kimya kirefu, jenereta tu.
“Lakini sura, mulimuosha sana.
Mama alikuwaka na vumbi.”

Sikumuuliza kwa nini amesema alikuwaka.

Nikashika ile njia ya vumbi, nikailegeza robo.
Wekundu ukapanda kwenye shavu kama mtu aliyesikia jina lake.
“Bado,” akasema.
Nikalegeza tena. Kope. Kitenge.
Mwepu atapiga kelele kesho, na nitamwambia
kwamba maji yakimwagika hayazoleki,
ila haya sikuyamwaga, niliyagawa tu,
na atajibu kwamba hanilipi kwa methali.
“Bado kidogo.”

Nilikuwa nimeinua kidole
pale jenereta ilipokata.
Kiwambo cheusi, na ndani yake
sura mbili za rangi moja, zikingoja,
yangu mbele, yake nyuma ya bega,
au labda ubavuni. Gizani
sikuweza kusema tumepangwa vipi.