Mundu Alani

Nauza mie viazi
Barani; hiyo ni kazi,
miaka kumi, si juzi,
karai lina utamu.

Kiu ikanijilia,
jagi nikagugumia,
chooni nikarudia
usiku, zamu kwa zamu.

Wifi Mbodze kanivuta
jikoni, hata mafuta
hayajapoa. Nafuta
mikono, nikalaumu.

Kipimo cha kisukari
cha robo mwaka: ni shwari.
Karatasi ikakiri
sina tone la utamu.

Nikatabasamu mie,
nataka nilirudie
karai, nisikawie.
Nesi akasema: "Humu

mna jambo halingii.
Kidole hakitulii:
kumi na nane! Na hii
karatasi si timamu."

Mwarandu wa maabara,
mpole, si wa papara,
akaniuliza, mara,
kwetu nani ana damu

ya selimundu. Nikawa
kimya. Chengo kazaliwa
nyuma yangu; katwaliwa
na sita haijatimu.

Mifupa ikimlia,
mama akimkandia
maji moto, na kutia
hirizi ya nyuzi ngumu.

Jirani wakanong'ona:
jicho baya limemwona.
Mama kimya, akashona
sanda yake, kwa nidhamu.

Nyuma ya ile risiti
kachora watu vijiti:
wazazi, na yao hati
nusu nusu, kwa kalamu.

"Chengo alirithi pande
zote; wewe ni upande
mmoja tu. Usikonde,
mundu u alani humu.

Ukiwa mtoto, homa
ya mbu ilipokuchoma,
ni nusu iliyogoma
kukuacha marehemu.

Ila mashine hudhani
damu zote zi mizani
moja; yako haioni,
ikaupunja utamu.

Na figo ziangaliwe,
na presha isiachiwe
ipande; usichelewe
kupima; ndilo jukumu."

Nikatoka. Jua kali.
Mbodze kashika mwavuli,
soda yangu kabadili
kwa maji. Nikalaumu.

Ganda, kwa mama, jioni,
nikakaa mkekani,
nikamwambia: "Jirani
hawakuwa na elimu.

Si jicho, wala si wewe.
Nusu ulipewa nawe,
na baba nusu; usiwe
mshitaki na hakimu."

Mama hakulia. Ile
sindano ya siku zile
kaitoa, bado vile,
uzi mweupe wadumu.

Kesho nitawasha jiko,
na Kwekwe, binti, aliko,
nimpigie: "Mwenzako
na wewe mpimwe damu."